Kila Msafiri na Maji Yake

Mamangu mzazi ana umri wa miaka 82, na kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa na neno moja ambalo hakuacha kulikariri kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho. Neno lenyewe ni hili: kwamba anataka kwenda Siyu kumsomea babake Yasini kaburini kabla na yeye hajasomewa. Sisi wanawe tulikuwa tukimjibu, "Inshallah, mama." Nanyi mnajua kuwa "inshallah" ya mtoto mwenye shughuli nyingi mara nyingine huwa ni njia ya adabu ya kusema "si sasa". Miaka ikapita, magoti ya mama yakaanza kugoma, na ile inshallah yetu ikaanza kunichoma moyo.

Siyu, kwa asiyeijua, ni mji mkongwe ulioko kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu. Ni mji wa wanazuoni na mafundi. Kutoka huko zilitoka misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kutiwa nakshi ambayo hadi leo wataalamu wa vitabu huistaajabia. Walikuwako wachonga milango, washona makubadhi na wafua visu. Ni watu hao hao wa Siyu ambao, chini ya Bwana Mataka, katika miaka ya 1840 walilirudisha nyuma jeshi la Seyyid Said wa Unguja. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa wale washona makubadhi. Mama aliondoka huko akiwa bi arusi, akapanda jahazi hadi Mombasa, na huku ndiko alikotuzaa.

Mwaka juzi basi nikajikaza. Nikaenda kwenye ofisi moja ya mambo ya safari, ambayo jina lake sina haja ya kulitaja, nikawaeleza kuwa nataka kumpeleka mamangu Siyu. Kijana aliyekuwa mezani hakuniuliza hata mama ana umri gani. Alinisukumia karatasi yenye picha za rangi: siku tatu Lamu, machweo ya jua juu ya jahazi, magofu ya Takwa, na mwisho kabisa kwa herufi ndogo, "nusu siku Pate na Siyu". Ilikuwa safari iliyokwisha kupikwa, kama pilau ya arusi: kila aingiaye hupakuliwa sahani ile ile, awe mwenye meno au kibogoyo. Nikalipa.

Lamu tulifika salama, na jua lilikuchwa vizuri kama walivyoahidi. Siku ya kwenda Siyu tukaondoka asubuhi, na kiasi cha saa nne boti yetu ikawa mbele ya hori inayoingia mjini kupitia kwenye mikoko. Lakini hori haikuwa na maji. Bahari ilikuwa imekwenda zake, imetuachia tope jeusi linalometa na ndege wakidonoa kaa. Nahodha, ambaye hakuwa na kosa, alikuna kichwa akasema kuwa anayeweza kutembea na avue viatu, tope ni la magoti, na mwendo si mdogo. Maji yangerudi jioni. Lakini jioni ile ilikuwa imekwisha kuandikiwa jambo jingine kwenye ile karatasi yenye picha, na kesho yake alfajiri tulitakiwa kuondoka Lamu.

Mama alikaa kwenye boti akaangalia minazi ya kwao kwa mbali. Hakulia wala hakunilaumu. Alisoma Fatiha pale pale, akajipangusa uso kwa mtandio, kisha akasema kwa Kisiyu chake ambacho miaka 60 ya Mombasa haijakifuta: "Mai hayana lawama, mwanangu. Lawama ni ya alokuya yasipokuwapo."

Maneno hayo nilirudi nayo Mombasa, na usiku hayakunipa usingizi.

MASWALI KABLA YA BEI

Ni mpwa wangu aliyeniambia habari za binti mmoja aliyekodi chumba kidogo Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu, ambaye kazi yake si kuuza safari bali ni kuzipanga, kila moja kwa mwenyewe. Wenyewe hujiita washauri wa safari. Mimi, msomaji, ni mtu wa zamani kidogo. Nilisoma chuoni kwa ubao na wino wa masizi kabla sijajua meza ya shule, na kwangu mimi kulipa mtu akushauri uende wapi kulinikaa kama kulipa mtu akushauri ule nini. Hata hivyo, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikamchukua mama tukaenda.

Binti alitoka kumpokea mama mlangoni. "Shikamuu, bibi." "Marahaba, mwanangu." Akamketisha kwenye kiti chenye mgongo, akampa maji, kisha akafungua daftari. Si kompyuta, ingawa ilikuwako pale mezani. Ni daftari la karatasi.

Yaliyofuata yalikuwa maswali, na kwa karibu saa nzima hayakuwa mengine. Bibi huamka saa ngapi? Hupanda ngazi ngapi kabla ya kupumzika? Anatumia dawa gani, na ni ya kumeza kabla ya chakula au baada? Gari humchefua? Alale chumba kimoja na nani? Huko Siyu amebakiwa na nani? Anaogopa nini? Mama aliposikia swali hilo la mwisho alicheka akasema haogopi bahari, anaogopa vyoo. Binti hakucheka. Aliandika.

Mimi subira ilinishinda. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona maswali mengi? Sisi tunataka kwenda Siyu, basi."

Akanijibu kwa upole, bila kuinua macho kwenye daftari: "Ami, Siyu naijua iliko. Bibi ndiye ambaye sijamjua bado."

Nikanyamaza. Waarabu wana msemo wao tuliofundishwa tangu utotoni, kwamba rafiki hutangulia kabla ya njia. Nilikuwa nimeusoma, nimeuandika kwa wino na kuufuta, na siku hiyo ndipo nilipouelewa.

Jambo moja nataka msomaji alishike hapa, kwani litarudi mbeleni. Katikati ya mazungumzo mama alipitiwa akaanza kusimulia chuo alichosoma Siyu, mwalimu alivyokuwa mkali, na shoga yake waliyekuwa wakigawana mkeka mmoja na juzuu moja. Hakujua kama yuko hai. Mimi niliyaona hayo kuwa maneno ya kupitisha wakati. Binti aliyaandika, na chini yake akapiga mstari.

MWEZI NA MAJI

Siku ya tatu tulirudi, akatutandikia mpango wake mezani. Hapo ndipo nilipoona kuwa ujuzi wa mababu zetu haujafa, umebadilisha mavazi tu.

Kila mtu wa pwani anajua kuwa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kwamba kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Anajua pia kuwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Na mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Lakini kujua ni jambo moja, na kumpangia mtu mzima safari kwa ujuzi huo ni jambo jingine.

Binti alieleza hivi. Kwetu pwani, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa kiasi cha saa nne. Ndiyo maana ile safari yetu ya kwanza iliangukia matopeni: tulikwenda mwezi 15, tena saa nne asubuhi. Hata mtu aliyetukusudia mabaya asingalituchagulia saa mbaya zaidi. Kinyume chake, siku za maji mafu bahari hujaa kiasi cha saa nne asubuhi, saa nzuri kwa mzee, lakini maji yenyewe huwa haba na hori kama ile ya Siyu haipati kina cha kutosha. Basi ukitafuta maji mengi unapata saa mbaya, na ukitafuta saa nzuri unapata maji machache.

"Kwa hivyo, ami, tutaingia mwezi 12," akasema. "Bamvua inakaribia, maji yamekwisha kuwa mengi, na yanajaa kiasi cha saa nane mchana. Bibi atakuwa amelala vizuri Lamu, amekunywa chai na kumeza dawa yake. Tutaingia hori maji yangali yanapanda, ili boti ikikwama yaje yatuinue yenyewe. Na tutatoka mwezi 14, maji yakijaa kiasi cha saa tisa na nusu, tuwe Lamu kabla ya magharibi."

Nikamwuliza kama ameyatoa wapi hayo. Alinionyesha jedwali la maji ambalo Mamlaka ya Bandari hulitoa kila mwaka, akaniambia pia kuwa amempigia simu nahodha mmoja wa Lamu mwenye miaka mingi katika njia ile. "Jedwali hunambia maji," akasema, "nahodha hunambia tope. Tope halikai mahali pamoja."

Mwezi wa kizungu aliochagua ulikuwa Januari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu, wala si Juni au Julai ambapo kusi hulichafua bahari na mvua bado hazijakatika. Kwa barabara alikataa tusiende Lamu kwa mwendo mmoja. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Dadangu anakaa Malindi. Mama angelala huko siku mbili, aone wajukuu na magoti yapoe, kisha gari liondoke asubuhi mapema lipite Garsen na Witu hadi Mokowe, lote kwa mchana, na kutoka hapo boti ya dakika chache kuvuka hadi Lamu. Nilisema kuwa ndege ingekuwa haraka zaidi. Mama akasema hapana, anataka kuliona daraja la Kilifi, kwani yeye alikuwa akivuka hapo kwa feri kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Binti aliliandika hilo pia, na dereva akaagizwa asimame ng'ambo ya pili.

RUBANI WA MALINDI

Tusidhani, msomaji, kuwa ushauri wa safari ni kitu kilicholetwa na watalii. Bahari hii ya kwetu imeuza ujuzi wa njia tangu enzi za kale. Nahodha wa jahazi hakung'oa nanga bila ya kuujua msimu: kaskazi humleta, kusi humrudisha, na aliyechelewa siku chache huweza kukaa ugenini hadi mwaka wa pili.

Ushahidi mkubwa uko Malindi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika huko akiitafuta njia ya Bara Hindi, akapewa rubani aliyeijua bahari. Waling'oa nanga Aprili, upepo ukiwa tayari kuwasukuma, na kwa siku kama 23 tu wakaivuka bahari kuu. Lakini katika kurudi Mreno aliondoka kwa haraka zake wakati upepo bado haujageuka. Bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa ugonjwa wa fizi kuvimba, unaoletwa na kukosa matunda na mboga. Walipofika tena pwani yetu Januari 1499 hawakubaki watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu, ikabidi moja, São Rafael, ichomwe moto. Merikebu zilikuwa zile zile na bahari ile ile. Kilichopungua ni mtu wa kumwambia "ngoja".

Hii pilau ya arusi niliyoitaja ina asili yake nayo. Huko Uingereza, tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook aliwakusanya watu kama 500 akawapakia garimoshi kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mtu. Ilikuwa fikra njema: maskini wengi, kwa kwenda pamoja, wakapata kuona ambacho zamani kiliwaonea matajiri tu. Kampuni iliyozaliwa kwa fikra hiyo ilikua ikaenea duniani, na baada ya miaka 178, Septemba 2019, ikaanguka na kuwaacha maelfu ya wasafiri ugenini. Mimi sisemi safari za kundi ni mbaya. Kijana mwenye miguu yake atafurahi nazo. Nasema tu kuwa sahani moja haimtoshei kila mlaji.

Siku hizi kuna na simu. Mpwa wangu aliiuliza simu yake impangie safari ya Siyu, nayo ikamjibu kwa ukurasa mzima uliopangika vizuri, na humo mikaandikwa tuingie Siyu saa tatu asubuhi. Nilimwuliza, "Saa tatu ya mwezi ngapi?" Akaniangalia. Kwa haki, lau angaliiuliza simu habari za maji ingalimjibu, kwani majedwali yamo humo. Lakini asiyejua kuwa kuna swali huliuliza vipi? Hapo ndipo thamani ya mshauri: yeye hujua swali ambalo wewe hukulijua.

UJIRA WA MANENO

Sasa nije kwenye fedha, kwani najua msomaji ananingoja hapo. Binti alitutoza shilingi 6,000 kwa kupanga, mbali na gharama za gari, boti na malazi. Nilibisha. Nikamwambia, "Mwanangu, kwani umetupa nini? Maneno."

Akanieleza biashara yao ilivyo. Zamani wakala wa safari alikuwa akilipwa na shirika la ndege kwa kila tikiti aliyokata, msafiri asijue. Tangu miaka ya 1990 mashirika mengi yamepunguza ujira huo, mengine yameufuta kabisa. Hoteli nyingi bado hutoa fungu kwa anayewaletea mgeni. "Sasa fikiri, ami," akasema. "Nikila kwa hoteli tu, nitakupeleka kwenye hoteli inilipayo zaidi. Siyu hakuna hoteli ya kunilipa. Bibi atalala kwa jamaa zake. Asiponilipa bibi, nani atanituma nimfikirie bibi?"

Sikuwa na jawabu. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa akisema kuwa anayetaka kujua mtu anamtumikia nani na atazame anakula kwa nani. Nikalipa, naye akaniandikia stakabadhi na karatasi iliyoonyesha kila senti inakokwenda, na ipi itarudishwa ikiwa bahari itachafuka tukashindwa kuvuka.

SIKU TUPU

Ulipofika wakati tukaenda. Sitaieleza safari yote, kwani msomaji si mtoto wa kusimuliwa kila kituo. Nitasema tu kuwa ng'ambo ya daraja la Kilifi mama alishuka, akasimama kitambo akiyatazama maji, akasema, "Hapa nilimpoteza kanga wangu wa kisutu," akarudi garini. Na kuwa mwezi 12, saa saba na kitu mchana, boti iliingia kwenye hori ya Siyu na mikoko ilikuwa imezama hadi kiunoni. Maji yalitubeba taratibu kama mtu abebaye mtoto aliyelala. Mahali ambapo mwaka juzi ndege walikuwa wakila kaa tulipita tumeketi. Mama alishuka dikoni kwa miguu yake, akishikwa mkono mmoja tu.

Siku ile ile alasiri tukaenda makaburini, na huko ndiko lilikotukuta jambo ambalo hakuna mshauri aliyelitazamia. Kichaka kilikuwa kimekua. Makaburi mengi hayana maandishi, ni mawe tu, moja kichwani na moja miguuni. Jamaa waliotupokea ni vijana, walilijua eneo lakini hawakulijua kaburi. Mama alizunguka na mkongojo wake, akasimama hapa, akasimama pale, na mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Silioni." Jua likaanza kushuka tukarudi. Usiku ule hakula.

Katika mpango wa binti, siku iliyofuata haikuandikwa kitu. Mwanzoni nililalamika kwa hilo. Nilimwambia siku nzima ya kulipia boti imekaa bure, afadhali twende Faza au Pate tukaone magofu. Alikataa. Aliandika kwenye ile karatasi maneno mawili tu: "Siku tupu." Akanambia, "Ami, bibi amekuwa mbali miaka mingi. Watu wa mji watataka kuja kumwona, na hatuwezi kujua ni kina nani. Tuwaachie nafasi."

Basi siku ile tupu mama aliketi barazani tangu asubuhi, na watu wakaja. Mmoja baada ya mwingine, wa kahawa, wa dua, wa kutazama tu. Baada ya adhuhuri akaletwa bibi kizee, ameshikwa na mjukuu, macho yamekwisha ukungu. Akakaa. Akauliza mgeni ni mtoto wa nani. Mama akamtaja babake. Yule bibi akanyosha mkono akaupapasa uso wa mama, kipaji, pua, kidevu, kisha badala ya kusalimu akaanza kusoma aya, ile ile iliyokuwa ikimshinda mama chuoni, na mama akaipokea akaimalizia. Msomaji, nimeandika katika magazeti kwa miaka mingi, na sijui kuyaandika yale machozi.

Ndiye shoga wa mkeka mmoja. Binti wa Mombasa alikuwa amewaomba wenyeji wamtafute kwa jina lile alilolipigia mstari, hakutwambia kitu, kwani hakutaka kumpa mama tumaini ambalo hana hakika nalo. Na alipoambiwa habari ya kaburi, yule bibi asiyeona alisema, "Babako yuko chini ya mkunazi. Mkunazi ulikatwa, lakini shina liko. Mimi nilikuwa nikimzuru kila Ijumaa mpaka macho yalipoondoka. Ulikuwa huko, basi nilikwenda kwa niaba yako."

Alasiri vijana wakaenda na mapanga. Shina liko. Mama aliketi kwenye mkeka akasoma Yasini tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyemwambia haraka, hakuna machweo yaliyokuwa yakitungoja mahali pengine. Kesho yake maji yalijaa saa tisa na nusu kama ilivyoandikwa, tukatoka.

KWA ATAKAYE KUSAFIRI

Sitaki kumsifu binti yule kupita kiasi, kwani naye alikosea mahali. Kwa yale yaliyomtia mama hofu, yaani vyoo, alituhakikishia kuwa nyumba ya Siyu ina choo cha kukalia, na haikuwa nacho. Ikatubidi tutoboe kiti cha mbao. Pia magari ya Mokowe yalituchelewesha zaidi ya alivyokadiria. Lakini tuliporudi yeye ndiye aliyetupigia simu kuuliza ni nini kilichoharibika, na nilipomwambia nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Mtu anayeandika makosa yake hakosei hilo mara mbili.

Basi wewe unayetaka kumpeleka mzazi wako kwao, au hija, au hospitali ya mbali, au unataka tu kuitembeza familia yako, nakuusia mambo machache niliyoyalipia kwa tope na kwa fedha. Ukiingia ofisini ukatajiwa bei kabla hujaulizwa hali, toka. Mwulize mshauri wako analipwa na nani, na asione haya kukujibu. Mwulize iwapo yeye mwenyewe amepita njia hiyo, au anamjua aliyepita juma lililopita. Taka kila kitu kwa maandishi, hasa kile kitakachorudishwa mambo yakiharibika. Mwambie na yale unayoyaona ni upuuzi, kwani hujui ni lipi litakalopigiwa mstari. Na umwombe, katika mpango wake wote, akuachie siku moja isiyo na kitu.

Mama sasa yuko nyumbani, hajambo. Lile neno la Ramadhani halisemi tena. Juzi nilimtania nikamwuliza tumpangie wapi tena, akanijibu kuwa safari iliyobaki ina Mpangaji wake, na maji yake yataingia saa yake. Kisha akaitisha chai.

Nami nimemtungia binti wa Ndia Kuu beti moja, ambayo aliipata kabla haijachapishwa gazetini, maana nilimpelekea kwa mkono:

Safari si kwenda mbali, safari ni kujuana,
Muulize wako hali, kabla ya bei kunena,
Maji hayajui mali, hupwa na kujaa tena,
Mpangaji njia ndiye, asikizaye kwa kina.

Wasalaam.